Akiba Isiyojaribiwa Huoza: Kwa Nini Idara Zetu Zahitaji Kanda

Utangulizi

Wahenga walituachia methali fupi isiyo na mapambo: akiba haiozi. Methali hii imesemwa kuhusu nafaka ghalani, kuhusu fedha na hata kuhusu wema ambao mtu hutenda akitumaini kwamba utamfaa siku za usoni. Katika makala haya ninadhamiria kuonyesha kwamba ipo akiba ya aina moja ambayo methali hiyo haiihusu. Nayo ni akiba ya maandishi, sauti na takwimu tunazoziweka katika tarakilishi zetu. Akiba hiyo huoza, tena huoza kimyakimya, pasipo harufu wala funza. Mwenye ghala la mahindi ataona unga wa dumuzi sakafuni na kushtuka mapema. Mwenye faili hashtuki hadi siku anapoihitaji, na siku hiyo huwa amekwisha kuchelewa.

Hoja yangu ni hii. Idara za Kiswahili katika vyuo vyetu vikuu, pamoja na idara nyingine zenye hazina kama yao, zinapaswa kuwa na utaratibu mmoja wa kunakili kazi zilizomo katika tarakilishi zote zilizounganishwa kwenye mtandao wao na kuziandika kwenye kanda za sumaku. Kanda hizo zitolewe mashineni na kuwekwa mbali. Aidha, angalau mara moja kila muhula, faili zirejeshwe kutoka kwenye kanda hizo mbele ya mashahidi. Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo litakalotushughulisha sana hapa, kwa maana nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni tumaini tu.

Ni vyema tuafikiane kwanza kuhusu istilahi. Wapo wasemao nakala rudufu, wapo wasemao nakala akiba, na wapo waliolichukua neno chelezo, ambalo mabaharia wamelitumia kwa maana ya boya, yaani kitu kinachoelea juu ya maji. Istilahi hii ya mwisho ina uzuri wake, kwani chombo kikizama, kinachoelea ndicho kinachomwokoa mtu. Hata hivyo, mimi nitatumia nakala akiba ili tusiisahau methali tuliyoanza nayo. Kanda ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa chembechembe za sumaku na kuviringwa ndani ya kasha. Kiendeshi cha kanda ni mashine inayouandika na kuusoma utepe huo.

Kilicho hatarini

Tujiulize, ni nini hasa kilichomo ndani ya tarakilishi za idara ya Kiswahili? Mna tasnifu za uzamili na uzamifu ambazo zimewagharimu waandishi wake miaka na karo. Mna sauti za wazee waliohojiwa nyanjani: ngano, vitendawili, nyimbo za unyago na mashairi ya malumbano. Mna matini yaliyochapwa neno kwa neno kwa ajili ya utafiti wa msamiati. Mna alama za mitihani zinazoamua nani ahitimu na nani asihitimu.

Si vyote hivi vyenye thamani sawa. Kitabu kilichochapishwa kikiungua, yamkini nakala nyingine itapatikana dukani au katika maktaba ya jirani. Tasnifu ikipotea, mwandishi aliye hai aweza kuiandika upya, japo kwa machozi. Lakini sauti ya bibi aliyehojiwa kisiwani Pate au kule Vanga, na ambaye sasa ameiaga dunia, haiandikwi upya na yeyote. Mtafiti aweza kurudi kijijini na kinasa sauti kipya, ila aliyekuwa akisimulia hayupo. Hapo ndipo suala la nakala akiba linapoacha kuwa la mafundi wa tarakilishi peke yao na kuwa la wanafasihi.

Isitoshe, vyanzo vya hasara ni vingi. Diski hufa kwa uzee. Tarakilishi huibwa. Umeme hukatika ghafla na kurudi kwa kishindo. Sote tunaukumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 ambapo karibu nchi nzima iliingia gizani. Kuna mkono wa binadamu unaofuta folda isiyofaa kufutwa. Na siku hizi kuna programu hasidi zinazozifunga faili zote zilizo mtandaoni, kisha wenye hila hiyo wakadai kikombozi.

Waliotutangulia walinakili

Suala hili si geni kwa lugha yetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Kwamba leo tunaweza kuyasoma na kuyachambua mashairi yake madarasani ni kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa alishirikiana na Mchungaji William Taylor, mwishoni mwa karne ya 19, kuyakusanya na kuyaandika. Maandishi hayo yalihifadhiwa London, na William Hichens akayatumia kuchapisha diwani mwaka 1940. Kule Lamu, Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, alizinakili tenzi nyingi kwa hati za Kiarabu kwa ajili ya wasomi wa Ulaya. Nakala za mkono wake zingali zinasomwa London na Ujerumani.

Tunaweza kusikitika, na ni haki tusikitike, kwamba mtafiti wa Kenya hulazimika kutafuta hazina ya pwani yake katika maktaba za ng'ambo. Hata hivyo, masikitiko hayo yasitufumbe macho tusione funzo lililomo. Maandishi ya karatasi huliwa na mchwa, unyevu na moto. Yaliyosalimika ni yale yaliyokuwa na nakala zaidi ya moja, katika mahali zaidi ya pamoja. Mnakili wa Lamu aliijua kanuni hiyo kabla ya tarakilishi kuundwa. Itakuwa aibu ikiwa sisi, wenye mashine zinazoweza kunakili maktaba nzima usiku mmoja, tutashindwa na mtu mwenye kalamu ya mwanzi.

Flashi na wingu havitoshi

Aghalabu mwanafunzi akiulizwa kazi yake ameihifadhi wapi, hutoa flashi mfukoni. Flashi ni chombo kizuri cha kuchukulia kazi kutoka chumba kimoja hadi kingine. Ila hupotea, huazimwa isirudi, huingia maji na huambukizwa virusi katika kila mashine inayochomekwa. Zaidi ya hayo, flashi humtegemea mtu mmoja kukumbuka. Utaratibu wowote unaotegemea kumbukumbu ya mtu aliyechoka saa nne za usiku si utaratibu.

Wengine husema, mbona kuna hifadhi za mtandaoni zinazoitwa wingu? Hizi zina manufaa makubwa na sipendekezi ziachwe. Lakini tutofautishe mambo mawili. Huduma nyingi za aina hii hulandanisha faili, yaani hufanya kilichoko kwenye tarakilishi yako na kilichoko mbali vifanane. Ukifuta huku, kule nako kunafutwa. Faili ikiharibiwa na programu hasidi huku, nakala iliyoharibika ndiyo inayopelekwa kule. Baadhi ya huduma huyaweka matoleo ya zamani kwa muda fulani, kisha huyaondoa. Mtu anayegundua mwezi wa sita kwamba sura ya tatu iliharibika mwezi wa pili huenda asipate kitu.

Pia, mwenye nyumba ndiye apangaye kodi. Kwa miaka kadhaa taasisi za elimu zilipewa na Google hifadhi isiyo na kikomo. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilitangaza kwamba mpango huo utakoma, na kuanzia mwaka 2022 kila taasisi ikagawiwa terabaiti 100 za pamoja kama kiwango cha msingi. Vyuo vilivyokuwa vimerundika data bila hesabu vikalazimika kuanza kufuta au kulipa. Silaumu kampuni kwa kufanya biashara. Ninalosema ni kwamba hazina ya taifa haifai kuwekwa mahali pamoja ambapo masharti yake hubadilishwa na mtu asiyetujua.

Kwa nini kanda?

Huenda msomaji akacheka akisikia neno kanda, akikumbuka kaseti za taarab zilizokuwa zikinaswa katika redio na kurekebishwa kwa kalamu. Kicheko hicho kina sababu, kwani kanda ni teknolojia ya zamani: tarakilishi ya UNIVAC ilianza kutumia kanda mwaka 1951, na IBM ikafuata na kiendeshi chake mwaka 1952. Hata hivyo, kongwe si sawa na mfu. Mwaka 2000 lilitoka toleo la kwanza la kanda za aina ya LTO, lenye uwezo wa gigabaiti 100. Toleo la tisa lililotoka mwaka 2021 lina uwezo wa terabaiti 18, yaani mara 180 ya lile la kwanza, katika kasha linaloenea kiganjani. Ndani ya kasha hilo mna utepe wenye urefu wa zaidi ya mita 1,000.

Sifa kuu ya kanda, kwa maoni yangu, si ukubwa wake bali ni utengano. Kanda iliyotolewa kwenye kiendeshi na kuwekwa rafuni haina waya. Hakuna programu hasidi iwezayo kuifikia, wala amri iliyokosewa iwezayo kuifuta, wala radi iwezayo kuiunguza kupitia soketi. Haitumii umeme ikiwa imelala. Ikitunzwa vyema, watengenezaji wake huikadiria kudumu hadi miaka 30.

Mfano mashuhuri ulitokea mwezi wa Februari mwaka 2011. Kasoro katika programu mpya ya kuhifadhi data iliwafanya baadhi ya watumiaji wa Gmail wafungue visanduku vyao na kuvikuta vitupu. Google ilikuwa na nakala kadhaa za barua hizo katika vituo mbalimbali, lakini kwa kuwa vituo hivyo vilikuwa vimeunganishwa, kasoro ile iliathiri nakala zaidi ya moja. Waliokoa barua kwa kutumia kanda. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko kubofya kitufe, lakini barua zilirudi. Ikiwa kampuni yenye uwezo kama huo ilihitaji kanda zilizo nje ya mtandao, sembuse idara yenye tarakilishi 20 na seva moja chini ya meza?

Tarakilishi nyingi, kanda moja

Hapa huzuka swali la kiufundi ambalo halina budi kujibiwa. Idara haiwezi kununua kiendeshi cha kanda kwa kila tarakilishi. Itawezekanaje basi mashine 20 zitumie kiendeshi kimoja?

Swali hili liliwahi kuulizwa, na likajibiwa chuoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Idara ya Sayansi ya Tarakilishi ya Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, ilikuwa na tarakilishi nyingi zilizounganishwa kwa mtandao, kila moja na diski yake. James da Silva, akishirikiana na Ólafur Guðmundsson, alitunga programu iitwayo Amanda ili kuzinakili zote kutoka mahali pamoja. Programu hiyo ilitolewa bure, na hadi leo ingali inapatikana. Nitaieleza kwa kina kidogo kwa sababu mantiki yake ni rahisi na hata asiye fundi ataifuata.

Kiendeshi cha kanda hupenda mwendo wa mfululizo. Data ikimfikia kwa kusitasita, utepe husimama, hurudishwa nyuma kidogo, kisha huanza tena. Huku kusimama na kurudi kunapoteza muda na kunauchakaza utepe pamoja na mashine. Sasa, tarakilishi moja inayotuma faili zake kupitia mtandao uliojaa haiwezi kutuma kwa mfululizo. Suluhisho la Amanda lilikuwa kuweka diski kubwa kati ya mtandao na kanda, mithili ya ghala la bandarini. Tarakilishi kadhaa hutuma faili zao kwa wakati mmoja hadi kwenye diski hiyo, kila moja kwa mwendo wake. Mzigo wa tarakilishi moja ukikamilika kufika, huandikwa kwenye kanda kwa kasi moja bila kusita. Tatizo hili halijapitwa na wakati. Kiendeshi cha toleo la tisa la LTO huandika hadi megabaiti 400 kwa sekunde, ilhali mtandao wa kawaida wa gigabiti moja hauwezi kupitisha zaidi ya megabaiti 125 kwa sekunde. Ghala la kati lingali linahitajika.

Pili, si lazima kila kitu kinakiliwe kila usiku. Programu hufanya nakala kamili ya kila diski angalau mara moja katika mzunguko uliowekwa, tuseme wiki moja, na katika siku zilizosalia hunakili yale tu yaliyobadilika. Amanda yenyewe hukadiria ukubwa wa mizigo na kuzigawa nakala kamili baina ya siku, ili usiku wa Jumatatu usielemewe huku wa Alhamisi ukikaa bure. Msimamizi husema anachotaka, nayo programu hupanga ratiba.

Tatu, kila kanda ina jina lililoandikwa ndani yake. Mtu akiweka kanda isiyostahili, programu hukataa kuandika juu yake. Jambo hili laonekana dogo, lakini fikiria kanda ya mahojiano ya mwaka jana ikifutwa na alama za mtihani wa leo kwa sababu mlinzi wa zamu alichukua kasha la karibu. Na iwapo hakuna kanda iliyowekwa kabisa, nakala za mabadiliko hubaki kwenye diski ya kati zikisubiri, badala ya usiku huo kupita patupu. Asubuhi msimamizi hutumiwa barua pepe yenye taarifa ya yaliyofaulu na yaliyoshindwa.

Nne, na hili ndilo ninalolienzi zaidi, Amanda huandika kanda kwa kutumia programu za kawaida za kufungasha faili ambazo mfumo wa Unix ulikuwa nazo tayari. Maana yake ni kwamba hata Amanda yenyewe ikitoweka duniani, kanda zake zingesomeka kwa zana za kawaida. Mnakili mwema huandika kwa hati ambayo wengine pia wanaijua.

Nakala zilizooza

Hadi hapa msomaji aweza kudhani kwamba kununua mashine na programu kunatosha. Hakutoshi, na ushahidi upo.

Tarehe 31 Januari 2017, katika kampuni ya GitLab, mhandisi mmoja aliyekuwa akipambana na hitilafu usiku alifuta kimakosa data za seva kuu badala ya zile za seva saidizi. Takriban gigabaiti 300 zilitoweka katika muda wa sekunde chache. Kampuni ilikuwa na njia tano za kuhifadhi nakala. Walipozigeukia, waligundua kwamba nakala za kila siku zilikuwa hazifanyiki kwa sababu matoleo mawili ya programu hayakupatana, na barua pepe za kuonya kuhusu kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa njiani zisimfikie mtu. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi alikuwa ameichukua yapata saa sita kabla kwa ajili ya majaribio tu. Njia tano, na hakuna hata moja kati ya zile zilizotegemewa kila siku iliyofaa. Kwa sifa yao, walieleza yote hadharani ili wengine wajifunze.

Mfano wa pili unatuhusu kwa karibu zaidi kwa kuwa ulitokea chuoni. Kati ya tarehe 14 na 16 Desemba 2021, katika tarakilishi kuu ya Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, programu ya kuhifadhi nakala iligeuka kuwa ndiyo inayofuta. Programu hiyo ilikuwa na kazi ya ziada ya kuondoa kumbukumbu za zamani zisizohitajika. Ilirekebishwa ilhali ingali inaendeshwa, ikachanganyikiwa kuhusu folda iliyotakiwa kusafishwa, na ikaanza kufuta kazi za watafiti. Takriban faili milioni 34 zenye ukubwa wa terabaiti 77 ziliondoka. Makundi 14 ya watafiti yaliathirika, na kwa makundi manne hapakuwa na njia ya kurejesha. Kampuni iliyouza na kusimamia mfumo huo, Hewlett Packard Enterprise, ilikubali lawama yote. Kukubali lawama ni uungwana, lakini hakurudishi data.

Mifano hii inatufunza mambo mawili. Taarifa kwamba "nakala imefanyika" si sawa na nakala. Na nakala iliyomo ndani ya mfumo uleule, inayofikiwa na programu ileile, iko katika hatari ileile. Kanda iliyo rafuni hushinda hatari ya pili. Hatari ya kwanza haina dawa ila kujaribu kurejesha.

Umbali ni ulinzi

Tarehe 26 Septemba 2025 moto ulizuka katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, Korea Kusini. Miongoni mwa mifumo iliyoteketea ni hifadhi ya pamoja ambamo watumishi wa umma waliweka nyaraka zao za kazi. Terabaiti 858 ziliangamia, na hapakuwa na nakala nje ya kituo hicho. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba hifadhi hiyo ilikuwa kubwa mno. Na tufanye hesabu. Terabaiti 858 zikigawanywa kwa 18 ni kanda 48. Kanda 48 huingia katika masanduku machache yanayobebwa na gari dogo. Korea Kusini ni miongoni mwa nchi zilizoendelea sana kiteknolojia duniani. Ikiwa huko hayo yaliwezekana, tusijidanganye.

Barani kwetu, tarehe 18 Aprili 2021, moto ulioshuka kutoka mlimani uliunguza ukumbi wa Jagger wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Cape Town, uliokuwa na mkusanyo mkubwa wa vitabu na filamu za taaluma za Kiafrika. Moto haukuuliza kilichokwisha kunakiliwa na ambacho bado.

Kinyume chake ni kisa cha kampuni ya meli ya Maersk mwezi wa Juni mwaka 2017. Programu hasidi iitwayo NotPetya ilienea katika mtandao wake wote na kuziharibu seva zilizotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao, kila mahali duniani isipokuwa Ghana. Huko umeme ulikuwa umekatika, na seva ikawa nje ya mtandao shambulio lilipopita. Nakala hiyo moja ndiyo iliyochukuliwa kwa ndege ili kampuni ijengwe upya. Katika kisa hicho, kukatika kwa umeme kulifanya bila kukusudia kile ambacho kanda hufanya kwa makusudi. Si busara kungoja bahati ya giza.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni gharama. Ni kweli kwamba kiendeshi kipya cha kanda hugharimu maelfu ya dola, na bajeti za idara zetu twazijua. Lakini si lazima kila idara iwe nacho. Kitivo kizima kinaweza kutumia kimoja, kwani kanda yenyewe ni rahisi ikilinganishwa na kiendeshi. Matoleo ya nyuma nayo yanafaa. Toleo la sita la mwaka 2012 lina terabaiti 2.5, ambazo zatosha tasnifu na sauti nyingi. Na penye ukata kabisa, diski mbili za nje zinazopokezana zamu, moja chuoni na nyingine mbali, zikifuata nidhamu ileile, ni bora kuliko kiendeshi cha kifahari ambacho hakuna anayekiangalia.

Pingamizi la pili ni kwamba kanda nazo huzeeka. Hili nalikubali bila kinyongo. Kanda zinapendekezwa zitunzwe katika joto la nyuzi 16 hadi 25 za selsiasi na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Anayeijua Mombasa anafahamu kwamba hewa ya pale haimo ndani ya mipaka hiyo bila msaada wa mashine. Vilevile viendeshi hubadilika. Hadi toleo la saba, kiendeshi cha LTO kiliweza kusoma kanda za matoleo mawili ya nyuma. Cha nane husoma toleo moja tu la nyuma, na cha kumi, kilichotoka mwaka 2025, hakisomi la nyuma lolote. Kwa hiyo kila baada ya miaka kadhaa hazina lazima ihamishwe kutoka kanda za zamani hadi mpya. Utunzaji ni kazi isiyokwisha, kama vile kupalilia.

Pingamizi la tatu ni la faragha. Kanda moja inayobeba alama za wanafunzi na sauti za watu waliohojiwa ikiibwa, siri za wengi zimeibwa. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, nasi hatuna ruhusa ya kuipuuza. Kanda zinazotoka nje ya jengo ziandikwe kwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo, na ufunguo huo utunzwe na watu wawili, si mmoja. Kanda ambayo ufunguo wake umepotea imeoza pia.

Hitimisho

Ninapendekeza hatua tano. Kwanza, kila idara iandike orodha ya yale isiyoweza kuyapata tena yakipotea, na iyatangulize. Pili, tarakilishi zote za idara zinakiliwe usiku kupitia mtandao bila kumtegemea mwenye mashine kukumbuka. Tatu, kanda zibadilishwe kwa zamu, na angalau seti moja ilale nje ya chuo kila wiki. Nne, ateuliwe mtu wa kusoma taarifa ya kila asubuhi, na mwingine wa kuisoma wa kwanza akiwa likizoni. Tano, kila muhula kufanyike jaribio la kurejesha.

Jaribio hilo halihitaji fedha, na hapo ndipo chama chetu kinapoweza kuanza. Katika mkutano wetu wa kwanza wa muhula, tuchague kwa kura faili moja iliyokuwapo mwaka uliopita: sura ya tasnifu, au ngano moja iliyonaswa nyanjani. Tuiombe idara, kwa heshima na kwa maandishi, ituletee faili hiyo kutoka kwenye nakala akiba, si kutoka kwenye tarakilishi ilimo. Ikiletwa na kufunguka, tuwapongeze wahusika kwa jina katika jarida hili. Isipoletwa, tutakuwa tumejua mapema, faili yenyewe ikiwa ingali hai na muda wa kurekebisha ukiwa ungalipo. Tuliombe jambo hilo muhula huu.